Rangi Nane za Uyoga wa Matawi

Mimi Madinah sijawahi kusema kitu ni chekundu nikaishia hapo. Mwanamke wa Kinubi aliyelelewa kwenye kusuka hawezi. Ukimwambia mama yangu, Mungu amrehemu, kwamba ukindu huu ni mwekundu, alikuuliza wekundu gani: wa ini la kuku, wa matofali, wa jicho la mlevi, au wa kanga iliyofuliwa mara nyingi? Ukikosa jibu alikunyang'anya kazi. Nimesuka kawa za kufunikia chakula hapa mtaani Oli tangu sijaolewa, na watu wa Arua wakitaka kawa ya arusi huja kwangu kwanza, ndipo waende kwa hao wengine kulinganisha. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba majivuno ninayo, na yana sababu.

Mwezi wa nane mwaka wa sabini na tatu alinijia mwanamke mmoja mkimbizi kutoka ng'ambo ya Sudani, jina lake Viola. Sikuwa namjua. Alikaa kwenye mkeka wangu, akatazama kawa zilizotundikwa ukutani moja baada ya nyingine, akauliza kila rangi inaitwaje. Nikamjibu zote. Alipomaliza akashusha sauti kana kwamba kuku wangu wangeenda kusema.

"Mama, mimi iko tafuta mutu ya macho. Bwana yangu hapana ona rangi."

"Iko kipofu?"

"Hapana kipofu. Anaona sindano kwa nyasi. Lakini nyekundu na kijani kwake iko moja. Jumapili alienda kanisa na soksi mbili, kila moja na kabila yake."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akacheka, halafu akanieleza jambo lenyewe, na kicheko kikaniisha. Mumewe, Tombe, alikuwa kibarua kwenye kitalu cha miti Koboko. Kwao alikuwa karani wa misitu, lakini vita vilipowakimbiza vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Sasa vita vimekwisha, wakimbizi wanarudi kidogo kidogo, na idara ya misitu ya Juba inatafuta watu. Bila karatasi atarudi kufyeka majani. Kulikuwa na Daktari Yangi, mzaliwa wa Aroi, anayefundisha mambo ya mimea na uyoga huko Kampala, aliyekuwa likizo kwao. Huyo alimwambia Tombe: nikusanyie uyoga wa matawi wa upande wa Koboko, utenge namna zake, kila namna uandike sifa zake. Ukiweza, nitakuandikia barua ya Juba. Alikuwa anarudi Kampala Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo sanduku lilitakiwa kufika Aroi Ijumaa.

"Na kwa karatasi yake," Viola akasema, "mstari ya kwanza iko rangi."

"Kwa nini hapana ambia Daktari ukweli?"

"Kwa kitalu alisema ukweli mara moja. Alikuwa amechuma mbegu mbichi pamoja na mbivu. Tangu siku ile anabeba maji tu."

Nilitaka kukataa. Nina kazi zangu, na rangi za pakiti zilikuwa zimeadimika tangu maduka ya Wahindi yafungwe mwaka uliotangulia, kila ukindu niliokuwa nao ulikuwa na mwenyewe. Lakini Koboko anakaa dada yangu Sitti, ambaye nilikuwa na ugomvi naye uliohitaji kuendelezwa. Isitoshe, mtu amesafiri kutoka Koboko kuja kutafuta macho yangu, si ya mwingine. Kesho yake nilipanda lori la mbao pamoja na Viola.

Tombe alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vya mpiga kinanda cha kanisa. Alinisalimu kwa mikono miwili. Tulizungumza kwa kuchanganya Kinubi changu, Kiarabu chake cha Juba na Kiswahili cha wote, na tukaelewana vizuri kuliko watu wengi wanaozungumza lugha moja. Alfajiri tukaingia msituni, kwenye bonde lililo nyuma ya kitalu, ambako majani yaliyooza yalikuwa yamelowa kama sponji.

Uyoga ninaoujua mimi ni ule wenye mwavuli, unaotoka kwenye kichuguu, unaopikwa na karanga. Huu ulikuwa kiumbe kingine. Hauna mwavuli hata kidogo. Unatoka ardhini kwa shina moja, shina linagawanyika, na kila tawi linagawanyika tena, mpaka juu kuna vincha vingi vimesimama pamoja. Tombe alisema wenye vitabu huuita uyoga wa matumbawe, kwa sababu unafanana na matumbawe ya baharini. Nikamwambia bahari sijaiona, na yeye akasema hajaiona pia, basi tukakubaliana kuuita wa matawi. Daktari kwenye karatasi zake aliita ukoo wenyewe Ramaria.

Na rangi zake, jamani. Nilisahau nyonga inayoniuma. Kulikuwa na ya waridi iliyokolea kama ufizi wa mtoto, ya machungwa, ya njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, ya maziwa yaliyochemka, ya mchanga, ya udongo wa mtoni, ya asali, na nyeupe kama pamba. Jioni ya siku ya tatu nilikuwa nimepanga mafungu manane kwenye majani ya mgomba, yamenyooka, rangi baada ya rangi. Nikaweka mikono kiunoni.

"Tombe, mwanangu, kazi imekwisha. Namna iko nane."

Alipiga magoti akaanza kuyagusa mafungu yangu. Yeye uyoga aliusoma kwa vidole. Alibana shina: nene au jembamba. Alikunja tawi: linakatika kama chaki au linapinda bila kukatika. Alipapasa ncha: butu, au kali, au zimechongoka kama kitana. Alinusa. Alionja kwa ncha ya ulimi na kutema mara tatu, maana mwingine wa ukoo huu huendesha tumbo. Viola alisema mwaka wa kwanza wa ukimbizi watu wa mstari mzima wa vibanda walikula wa njano, wakashinda vichakani wakiitana majina. Kisha Tombe akachukua kitawi kimoja kutoka kila fungu, akakilaza juu ya karatasi ambayo nusu ilikuwa nyeusi na nusu nyeupe, akafunika kwa bakuli mpaka asubuhi.

Asubuhi akafunua. Chini ya kila kitawi palikuwa na unga laini, ule ambao kwa uyoga ndio mbegu. Mafungu saba yaliacha unga wa hudhurungi, ulioonekana kwenye karatasi nyeupe. Fungu la nane, lile jeupe lenye ncha za kitana, liliacha unga mweupe, ulioonekana kwenye nyeusi tu. Hilo hata Tombe aliliona bila msaada, kwa kuwa lilikuwa jambo la weusi na weupe.

"Hii hapana ya ukoo," akasema, akaliweka kando. "Sura iko karibu, lakini unga yake inamkataa."

Nililiachia hilo. Bado nilikuwa na saba. Lakini yeye aliendelea kuchanganya mafungu yangu bila huruma, mpaka yakabaki matatu: wa kwanza wa shina nene kama ngumi, wenye ncha butu na nyama inayovunjika, wa pili mwembamba, mchungu, unaoota kwenye magogo yaliyooza na kupinda kama ukindu uliolowekwa, wenye nyuzi nyeupe kwenye kitako, na wa tatu ambao ndani ya shina unateleza kama bamia.

"Tatu?" nikamwuliza. "Umeweka ya waridi na ya udongo nyumba moja? Hata mbuzi angeona."

Hakubishana. Akanichukua mpaka kwenye uyoga mmoja wa shina nene aliokuwa ameuchomekea kijiti siku yetu ya kwanza msituni. Ule uyoga mimi mwenyewe niliuita wa waridi, nilikumbuka nilivyoushangaa. Siku ya tano ulikuwa wa njano. Siku ya saba tuliporudi, unga wake umeshaumwagikia wenyewe, ulikuwa wa udongo wa mtoni. Ulikuwa uyoga uleule, kijiti kilekile. Fungu langu la kwanza, la tatu na la sita walikuwa mtu mmoja katika ujana wake, utu uzima wake na uzee wake.

Kwenye ukindu rangi ni neno la mwisho. Ukishatia, imetiwa, ikichujuka ni aibu ya mtiaji. Haikunijia kamwe kwamba kitu kinaweza kubadili rangi na kubaki kilekile, ndiyo maana nikakosea kosa ambalo asiyejua kusuka asingelikosea. Viola alificha mdomo kwa kanga lakini mabega yalimtikisika. Tombe hakucheka, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nilinuna. Sioni haya kusema, nilinuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Toka siku hiyo nilitaja rangi nilipoulizwa tu, kwa maneno mawili, na nilianza kuyashuku macho yangu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kunipata. Na hapo, Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, nikaona kitu.

Tombe alikuwa amechuma wa shina nene kutoka juu ya bonde na wengine kutoka chini karibu na maji. Alipoyabana mashina kama kawaida yake na kuyaweka chini, wa juu walibaki walivyo. Wa chini, pale vidole vyake vilipopita, waliingia wekundu wa zambarau kidogo kidogo, ule wa divai ya kanisani. Niliziona alama zote tano za vidole. Yeye hakuona. Kwake zile alama hazikuwepo.

Ningesema pale pale. Badala yake nilijiambia: Madinah, umeshajigamba mara moja ukachekwa, hii nayo itakuwa uzee wa uyoga tu, watakuonyesha kijiti kingine. Nikafunga mdomo. Jumanne nikafunga mdomo. Jumatano Tombe alikausha uyoga juu ya jiko, na kila kitu kikawa rangi ya ngozi ya kiatu, wa waridi na wa njano na wote. Akaandika karatasi zake za namna tatu, akafunga sanduku kwa kamba. Usiku kucha roho ilinisuta. Kama lile lilikuwa kosa, lilikuwa kosa lake mbele ya Daktari, na aliyelijua ni mimi.

Alhamisi, kabla ya chai, nilienda kwao nikamwambia Tombe.

Nilitegemea akasirike, maana kamba ilishafungwa na kesho ndiyo siku. Aliuliza swali moja tu. "Ile ya mzee na ile ya kijana, yote inageuka?"

Hilo ndilo swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu Jumatatu. Tukashuka bondeni wote watatu, mbio. Nikachuma wa chini, wachanga, wa makamo na wazee, nikawabana kwa kidole gumba. Wote waligeuka. Nikapanda juu nikawabana wa huko, wachanga mpaka wazee. Hakuna aliyegeuka hata mmoja. Tombe alifumba macho akanusa fungu hili, halafu lile, akarudia. Akasema sasa nilipomtengea anapata kitu: wa chini ana harufu hafifu ya maganda ya karanga mbichi, wa juu hana.

"Nne," akasema polepole. "Namna iko nne. Mama, bila wewe ningepeleka uwongo."

Nilitazama miguu yangu.

Ikabaki shida moja. Uyoga mkavu hauonyeshi divai, mbichi ungeoza kabla ya kufika Kampala, na neno divai kwenye karatasi ni neno tu. Daktari angejuaje ni divai ipi? Mimi nilijua jibu, na sikulipenda. Rangi ile haikuwepo kwenye pakiti yoyote Koboko wala Arua. Ilikuwepo mahali pamoja tu, kwenye kawa yangu ya arusi, iliyosukwa na mama, ambayo Sitti aliiazima kwa siku moja mwaka wa hamsini na nane na mpaka siku ile ilikuwa inafunika ugali wake. Huo ndio ugomvi niliousema. Na kwetu kawa ya arusi haifumuliwi, hata panya akiitoboa.

Nilipoingia kwa Sitti na kisu akadhani nimekuja kumalizana naye. Nilipoanza kufumua alitamani ingekuwa hivyo. Alinipa vidonge vyangu vyote, vya miaka kumi na mitano, huku mimi nimekaa mlangoni nachomoa ukindu wa divai, uzi kwa uzi. Mwisho akachoka, akakaa karibu yangu, akanisaidia kuulainisha kwa maji. Alisema mama angetuchapa wote wawili. Kwa kweli angetuchapa.

Jioni nilikuwa nimesuka ukanda wa upana wa vidole vitatu: kwanza rangi ya uyoga kabla ya kubanwa, kisha rangi baada ya kubanwa, kisha rangi baada ya muda wa kuchemsha chai. Nikaushona kwenye karatasi, chini yake Tombe akaandika maneno, na kwenye mstari unaouliza ni lini jambo hili lilionekana mara ya kwanza, akaandika Alhamisi.

Ijumaa tulifika Aroi saa nne, sisi watatu, sanduku na uyoga mbichi mchache ndani ya jani la mgomba. Daktari Yangi alikuwa uani kwa mama yake akipembua simsim, mtu mfupi wa miwani, shati nje ya suruali. Alitandika kazi yetu juu ya meza akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Alikubali lile jeupe si la ukoo. Alikubali wa magogo. Alikubali wa bamia. Alipofika kwenye wawili wa shina nene akauzungusha ukanda wangu huku na huku.

Kisha akachukua mmoja mbichi, akaubana kwa ukucha, akamwinulia Tombe usoni.

"Hii inageuka rangi gani?"

Jibu Tombe alilijua. Aliliandika mwenyewe jana yake, na nilikuwa nimemwambia mara kumi. Neno moja tu, na barua ilikuwa yake. Viola alinishika mkono akaubana kwa nguvu.

"Daktari," Tombe akasema, "kwa karatasi imeandikwa divai. Lakini mimi hapana ona. Kwa macho yangu hii na ile iko sawasawa, tangu nimezaliwa. Unga, harufu, nyama, ncha, hiyo yote iko yangu. Rangi yote ni macho ya Mama Madinah. Yeye alikataa namna tatu yangu."

Nilihisi mkono wa Viola ukilegea ndani ya wangu. Alikuwa ameshaiona barua ikienda, na mimi pia. Daktari alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akamwita mama yake alete karatasi na kalamu kutoka ndani, akaandika akiwa amesimama. Hakuandika sana. Akampa Viola asome.

Viola alisoma kwa sauti. Barua ilisema Tombe ametenga namna nne za uyoga wa matawi na kumtambua mgeni mmoja, na kazi ni safi. Ilisema haoni rangi, na apewe mtu wa kumtajia. Halafu ilisema: "Mtu huyu akisema ameona, ameona. Mimi Yangi natia sahihi."

Viola alilia na kucheka pamoja, mama yake Daktari akaanza kupiga vigelegele bila kujua cha nini, Tombe akakaa chini kwenye simsim. Nilifurahi kwa ajili yake kama ningefurahi kwa mwanangu. Lakini yale maneno ya mwisho yaliingia kwangu na kukaa vibaya, nikawa nimesimama pale kati ya vigelegele, nimenywea.

Daktari alikuwa anafunga sanduku. Nikamwendea nikaweka kidole kwenye karatasi yenye ukanda wangu, pale palipoandikwa Alhamisi.

"Hii iko uwongo," nikamwambia. "Andika Jumatatu. Mimi niliona Jumatatu, nikanyamaza."

Alinitazama, kisha akamtazama Tombe, ambaye alikuwa ameinua kichwa. Hakuniuliza kwa nini. Alikata Alhamisi kwa mstari mmoja, akaandika Jumatatu juu yake, akanipa kalamu nitie jina langu pembeni. Kuandika najua kidogo. Nililiandika polepole, herufi zote saba.